Review: kozi ya mtandaoni kuhusu wanajuri wanavyofikiri, nzuri mno ila moduli moja imenikera

Niseme mapema kabisa, hii kozi nimeimaliza yote, video, makala za kusoma, kwizi, mpaka lile zoezi la mwisho la kukaa juri na watu usiowajua kwenye video call, kwahiyo siandiki kama mtu aliyeonja moduli moja akakimbilia kugawa nyota. Kozi nzima inahangaika na swali moja: inakuwaje wanajuri 12, yaani raia wa kawaida walioitwa mahakamani kuamua kama mshtakiwa ana hatia, wanakaa ukumbi mmoja, wanawasikia mashahidi walewale, wanaoneshwa vielelezo vilevile, halafu wakifungiwa chumbani huyu anasema ana hatia hakuna cha kujadili, yule anasema mimi bado sijaridhika? Majibu ya haraka wote tunayajua, oh huyu hajasoma, oh yule ana roho ngumu. Kozi inayaweka pembeni hayo na kukupeleka kwenye namna mtu anavyofikiri, yaani kichwa chake kinaufanyia nini ushahidi kikishaupokea, na kwa hilo naipa nyota 4 kati ya 5. Ile ya 5 wameipoteza kwenye moduli ya kuchagua wanajuri, nitafika huko.

Moduli ya kwanza ni utangulizi, ipite tu haraka kama unaijua mifumo. England na Wales kesi kubwa za jinai zinaamuliwa na watu 12, na tangu 1967 jaji anaweza kupokea uamuzi wa 10 kwa 2 wakishindwa kuafikiana wote. Marekani ni tofauti, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2020 kwenye kesi ya Ramos v. Louisiana kwamba kwa makosa makubwa lazima wote wakubaliane, na Ramos mwenyewe alikuwa ametiwa hatiani kwa 10 dhidi ya 2. Hilo likae kichwani maana kama sheria inaruhusu wawili waachwe nyuma, basi hata wawe wanafikiri vizuri kiasi gani wenzao hawalazimiki kuwasikiliza.

Utamu unaanza moduli ya pili. Hapa wanafundisha kazi ya Nancy Pennington na Reid Hastie, watafiti wa Marekani ambao miaka ya 80 walionesha kwamba mwanajuri hajumlishi ushahidi, huu pointi tatu ule pointi mbili toa moja. Anatunga hadithi. Anachukua vipande alivyosikia, anaviunga, nani alitaka nini, akafanya nini, kikatokea nini, na palipo na pengo anajaza mwenyewe kwa anayoyajua kuhusu watu na maisha. Akishamaliza anaichukua hadithi yake na kutafuta inaingia wapi kati ya makosa ambayo jaji amewaeleza. Sasa wewe ukifikiria, watu wawili wenye maisha tofauti watajaza pengo lilelile kwa vitu tofauti, na wote wawili wataapa kwamba wamesikia kitu hicho mahakamani.

Halafu wanakuletea jaribio lao la mwaka 1988. Kesi ni ileile ya mauaji, ushahidi ni uleule, kilichobadilishwa ni mpangilio tu. Pale ambapo upande wa mashtaka ulipangwa kwa mtiririko wa tukio lilivyotokea na utetezi ukabaki umekatika katika kwa kufuata shahidi mmoja mmoja, asilimia 78 walisema ana hatia. Ukigeuza, utetezi ndio upate mtiririko na mashtaka yakatike katike, asilimia 31. Shahidi hakuongezwa, neno halikupunguzwa. Nilisimamisha video pale nikakaa kwanza, maana tunazungumzia mtu kwenda jela au kurudi nyumbani kwa sababu ya nani kasimulia vizuri, na mwalimu alifanya vizuri sana kutokulipita hilo juujuu, alilirudia kwa mifano miwili zaidi mpaka likaingia.

Moduli ya tatu ndio moyo wa kozi na ningekuwa mimi ningeifanya iwe ndefu mara mbili. Inahusu utafiti wa 1994 wa Deanna Kuhn na wenzake, ambao waliwapa watu kesi ya kusikiliza kisha wakawahoji mmoja mmoja, umefikaje hapo, ushahidi gani umekubeba, ungekuwa umekosea ungejuaje, kuna ushahidi gani unaopingana na ulichoamua. Walichokiona ni kwamba watu wanatawanyika kwenye mstari mrefu. Upande mmoja kuna anayepata hadithi moja inayoridhisha akatosheka, ushahidi unaoingia anauchomeka humohumo, usioingia anauacha. Upande wa pili kuna anayeshika hadithi mbili tatu kwa wakati mmoja, hii inaeleza nini, ile inashindwa wapi, halafu anazipima kwa ushahidi mpaka moja isimame. Na kilichonitisha, wale wa hadithi moja ndio walioelekea zaidi kwenye uamuzi wa kupitiliza, ama kosa kubwa kabisa ama upande wa pili kabisa, na ndio waliokuwa na uhakika mkubwa zaidi. Soma tena hapo. Uhakika wa mtu haukuwa dalili kwamba amefikiri zaidi, ulikuwa unaendana na kufikiri kwa njia moja tu.

Jamani hebu pigia picha hilo chumbani. Anayeongea kwa kujiamini, "mimi sina shaka hata kidogo", ndiye wenzake wanamwona amelielewa jambo, na yule anayesema "ngoja, ila ingekuwa hivi je" anaonekana anasitasita, hajui anachotaka. Mtu akiniuliza kozi hii imenifundisha nini kipya nitamtajia hiki kabla ya kingine chochote. Sheria yenyewe inadai kosa lithibitishwe pasipo shaka ya msingi, sasa shaka ya msingi utaipataje kama hukuwahi kuweka mezani maelezo ya pili? Mtu wa hadithi moja hana pa kuitoa hiyo shaka. Hajaikataa, hakuwahi kukutana nayo.

Wanaongezea na kitu cha Kuhn kuhusu watu wanavyouona ujuzi wenyewe, yaani kujua ni nini. Kuna anayeamini ukweli upo wazi na kazi yake ni kuuona tu. Kuna anayeamini kila mtu ana ukweli wake basi hakuna wa kumsahihisha mwenzake. Na kuna anayekubali kwamba maoni yatatofautiana lakini yanaweza kupimwa, moja likawa na nguvu kuliko jingine kwa sababu ya ushahidi. Michael Weinstock, aliyekuwa kwenye ule utafiti wa 1994, baadae aliunganisha imani hizi na ubora wa watu wanavyojenga hoja za kijuri, na hao wa tatu ndio wanafanya vizuri zaidi. Mimi niliyekuwa nadhani hatari ni yule wa kwanza tu, mkaidi, nikajikuta namwogopa zaidi huyu wa pili, mpole, anayesema kila mtu na mtazamo wake, kwa sababu juri likiwa na wengi wa hivyo hakuna anayemuuliza mwenzake umefikaje hapo, watapiga kura tu na maisha ya mtu yameisha.

Moduli ya nne imebeba vitu vingi hadi imejaa, ila vizuri. Kuna kile kipimo cha Cacioppo na Petty cha mwaka 1982, cha kuona mtu anapenda kiasi gani kufikiri kwa kina, yaani kuna watu wanaona raha kukaa na jambo gumu na kuna watu wanaona mzigo. Hapa angalia sana wasikuchanganye, hiki kipimo hakipimi akili, kinapima hamu. Mtu anaweza kuwa na akili kali asipende kuitumia akiwa na njia ya mkato. Utafiti wa Michael Sargent wa 2004 ulionesha wenye hamu hiyo ndogo wanaelekea kuunga mkono adhabu kali zaidi kwa wahalifu, na maelezo yake ni kwamba wanatafuta sababu ndani ya mtu tu, ni mbaya basi, hawaendi mbele kuuliza mazingira gani yalimfikisha pale.

Halafu kuna kiu ya kufunga mjadala, hii ya Arie Kruglanski na wenzake. Watu wengine hali ya kutokujua inawatesa, wanataka jibu, jibu lolote, na wakilipata hawataki tena kulifungua. Mwaka 1993 walifanya majaribio ya majadiliano ya kijuri wakaona kitu cha ajabu kidogo, mtu mwenye kiu hiyo akiwa tayari ana taarifa za kesi anakuwa mgumu kubadilishwa mawazo, lakini akiwa hana taarifa ndio anakuwa mwepesi kuliko wengine kumfuata anayemshawishi. Ukiwaza sio ajabu, zote mbili zinamletea alichotaka, mjadala umekwisha twende nyumbani. Sasa weka hapo uchovu, kesi imeburuta wiki kadhaa, ni jioni, kila mtu ana mambo yake, hata mtu ambaye kwa kawaida ni mvumilivu anaanza kutamani jibu. Kozi inasema hili kwa sentensi moja tu, ningependa waliweke kwenye kichwa cha habari, kwa sababu linaonesha kwamba namna ya kufikiri sio kitu ulichozaliwa nacho kikagandia pale, mazingira yanaisukuma.

Pia wanagusia maelezo ya kukiri kosa. Saul Kassin na Holly Sukel mwaka 1997 waliwapa watu kesi yenye maelezo ya kukiri yaliyopatikana kwa kumbana mshtakiwa. Watu wakasema ndio, alilazimishwa. Wakasema pia kwamba hayakuwaathiri kwenye uamuzi wao. Lakini waliomtia hatiani waliongezeka, hata pale jaji alipoyakataa yale maelezo. Hapa unaona kikomo cha kujijua. Mtu anakwambia nimeweka pembeni, na anaamini kweli ameweka pembeni, kumbe ile hadithi kichwani ilishapata msumari wake na huwezi kuung'oa kwa kuambiwa "sahau ulichosikia".

Sehemu ya namba imenigusa kuliko nilivyotarajia. Wanaanza na kesi ya Collins ya California, tukio la 1964, bibi mmoja aliporwa na mashahidi wakasema waliona msichana mwenye nywele za blondi zilizofungwa nyuma na mwanaume mweusi mwenye ndevu kwenye gari la njano. Upande wa mashtaka ukaleta mwalimu wa hesabu, wakazidisha uwezekano wa kila kitu, ndevu mara gari mara nywele, wakapata 1 kati ya milioni 12, na juri likawatia hatiani mume na mke waliofanana na maelezo hayo. Mahakama Kuu ya jimbo ikaifuta hukumu ya mume mwaka 1968, kwanza namba zenyewe hazikuwa na msingi wowote, pili hivi vitu vinaendana huwezi kuvizidisha kana kwamba havijuani, na tatu hata namba ingekuwa sahihi haikwambii huyu uliyemshika ndiye.

Kisha wanakuja na Sally Clark wa Uingereza, mama aliyefiwa na watoto wake wawili wachanga akashtakiwa kuwaua. Juri liliambiwa uwezekano wa vifo viwili vya ghafla kwenye familia kama yake ni 1 kati ya milioni 73. Akatiwa hatiani mwaka 1999 kwa kura 10 dhidi ya 2. Mwaka 2001 chama cha wanatakwimu cha huko, Royal Statistical Society, kilitoa tamko kwamba ile hesabu haina msingi, na 2003 Mahakama ya Rufani ikamwachia, zaidi kwa sababu matokeo ya vipimo vya maabara vya mtoto wa pili hayakuwa yameoneshwa kwa utetezi. Wawili hawakukubali. Sijui walikuwa wakifikiri nini na hakuna atakayejua maana Uingereza mwanajuri haruhusiwi kusimulia yaliyosemwa ndani ya chumba, lakini kila nikiiona ile 10 kwa 2 nafikiria mama ambaye badala ya kuomboleza yuko gerezani na sheria imesema inatosha.

Kosa linalojificha kwenye namba kama hizi lilichunguzwa na Thompson na Schumann mwaka 1987. Mtu akiambiwa ni nadra kupata alama hizi, tuseme aina fulani ya damu, kwa asiye na hatia, anasikia kwamba ni nadra huyu kuwa hana hatia, na ni vitu viwili tofauti kabisa. Wengine wanaangukia upande wa pili, wanasema mji mkubwa huu lazima kuna wengine wengi wenye alama hizi basi ushahidi huu ni bure. Kozi ina zoezi zuri sana hapa, wanakupa namba ileile kwa asilimia kisha kwa hesabu ya watu, "kati ya watu laki moja wangapi watafanana nayo", na ukiiona kwa watu kichwa kinakaa sawa chenyewe. Kama huna muda fanya hilo zoezi tu.

Sasa lile zoezi la juri. Mnawekwa 12, kesi ni ya kutunga, mfanyakazi aliyefukuzwa anashtakiwa kuchoma ghala la bosi wake wa zamani. Kuna ujumbe wa simu, "utajuta". Kuna harufu ya petroli kwenye viatu vyake. Kuna jirani aliyeona mtu mwenye koti kama lake. Lakini ukisoma makaratasi kwa makini kuna fundi aliyekuwa ameandika mara mbili kwamba nyaya za ghala ni mbovu, mshtakiwa anafanya kazi na jenereta kila siku, na huyo jirani alikuwa mbali na ilikuwa usiku.

Kura ya kwanza ilitoka 8 ana hatia, 4 hana, mimi nikiwa kwenye wale 4. Na hapo hapo ukaona kila nadharia ya moduli ya tatu ikitembea kwa miguu. Kaka mmoja aliunganisha ujumbe, viatu, koti, kwisha, na kila ukimtajia nyaya alisema hizo ni mbinu za mawakili. Hakuwa mtu mbaya wala mvivu, alikuwa na uchungu wa kweli na yule mwenye ghala. Dada mmoja naye akawa anauliza kitu kimoja tu kwa utulivu, "tukisema ni yeye, petroli imefikaje sehemu ambayo ripoti inasema moto ulianzia juu?" Nusu saa nzima hakuna aliyemjibu. Halafu mzee mmoja aliyekuwa kimya akasema na mimi hilo linanisumbua, na kuanzia hapo chumba kikabadilika. Tuliishia 7 hana hatia 5 ana hatia, hakuna mwafaka, muda ukaisha.

Nilipenda waandaaji walivyotumia matokeo hayo. Kuna ule utafiti mkubwa wa Chicago wa Kalven na Zeisel, wa 1966, uliosema kwamba upande wenye wengi kwenye kura ya kwanza ndio unaoshinda kama mara 9 kati ya 10, na wakatueleza kwa nini chumba chetu hakikwenda huko, ni kwamba yule dada hakushambulia uamuzi wa mtu, alishambulia pengo kwenye hadithi. Wakaunganisha na utafiti wa Hastie, Penrod na Pennington wa 1983 kwamba kuna majuri yanayoanza na kura, kila mtu akishatangaza upande anaanza kuulinda, na kuna yanayoanza na ushahidi wenyewe, kura inakuja mwishoni, na haya ya pili majadiliano yake huwa ya kina zaidi. Sisi tulianza na kura kwa sababu mwenyekiti wetu alitaka tuokoe muda. Kumbe pale alipotaka kuokoa ndipo tulipopoteza, maana robo tatu ya mazungumzo ilikuwa watu kutetea mikono waliyonyoosha.

Haya, moduli ya sita, ya kuchagua wanajuri. Hapa ndio nyota imeanguka. Baada ya kutufundisha kwa uangalifu mkubwa kwamba namna ya kufikiri inabadilika na uchovu, inabadilika na mpangilio wa ushahidi, inabadilika na unayekaa naye, ghafla anakuja mwalimu mwingine na karatasi la maswali ya kumfanyia mwanajuri mtarajiwa ili ujue ni wa aina gani na umwondoe kama hakufai. Kama vile watu ni nguo za saizi, huyu wa mashtaka, huyu wa utetezi. Tafiti zenyewe haziungi mkono ujasiri huo. Ukiwapima wanajuri tabia zao, namna wanavyofikiri, mitazamo yao, unapata kitu, ndio, mitazamo ya kimabavu kwa mfano, ile ya kutaka mamlaka itiiwe na mkosaji aadhibiwe vikali, inaelekea kidogo upande wa kutia hatiani, lakini kinachobeba uamuzi kwa sehemu kubwa kuliko vyote ni nguvu ya ushahidi wenyewe. Namna ya kufikiri inaonekana zaidi pale ushahidi unapokaribiana pande zote mbili. Hilo lilipaswa kusemwa dakika ya kwanza ya moduli na halikusemwa kabisa.

Na kuna hatari kubwa zaidi ambayo mwalimu huyo hakuigusa. Haki ya wakili kumwondoa mwanajuri bila kutoa sababu imetumika vibaya sana, ndio maana Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1986 kwenye Batson v. Kentucky ilikataza mwendesha mashtaka kuitumia kwa misingi ya rangi, England na Wales wakaifuta kwa upande wa utetezi mwaka 1988, Canada wakaifuta 2019. Ukimpa wakili lugha mpya, "huyu nimemwondoa kwa sababu ya namna anavyofikiri", umempa mlango wa nyuma. Tena unaua kitu chenye faida. Samuel Sommers alionesha mwaka 2006 kwamba majuri ya majaribio yenye mchanganyiko wa watu weupe na weusi yalijadili ushahidi zaidi na kukosea kidogo kuliko ya weupe watupu, na sehemu ya faida hiyo ilitoka kwa wale weupe wenyewe ambao walikuwa makini zaidi wakijua wapo kwenye kundi mchanganyiko. Kwahiyo ukichuja mpaka wabaki wanaofanana umeondoa kile kile kinachowafanya watu wafikirie mara ya pili. Moduli hii iandikwe upya au itolewe, na mwalimu wa moduli ya tatu ndiye aandike.

Kilichonikasirisha zaidi ni kwamba nafasi waliyoipa karatasi la maswali wangeipa mambo ambayo mahakama inaweza kuyafanya bila kumchuja mtu yeyote. Wameyataja kwa dakika chache tu mwishoni, na ni mambo makubwa. Profesa Cheryl Thomas wa Uingereza kwenye utafiti wake wa 2010 aligundua kwamba ni asilimia 31 tu ya wanajuri walioelewa kikamilifu maelekezo ya jaji kwa lugha ya kisheria aliyoitumia, na walipopewa muhtasari wa maandishi ikapanda hadi 48. Karatasi tu! Hujabadilisha kichwa cha mtu, umempa kitu cha kushika mkononi. Kuwaruhusu waandike noti, kuwaambia waanze na ushahidi kabla ya kura, jaji kueleza sababu ya kukataa ushahidi fulani badala ya kuamuru tu usahaulike, wanajuri kusimuliwa hadithi zote mbili kwa mtiririko ulio sawa. Hayo yangekuwa moduli nzima. Mtu mwenye hadithi moja kichwani akipewa karatasi inayomuuliza "maelezo gani mengine yanawezekana" analazimika kuitafuta ya pili, na kwa yule anayekaa kizimbani hiyo dakika moja inaweza kuwa ndio maisha yake.

Mambo madogo madogo. Sauti safi, walimu wawili kati ya watatu wanaeleweka. Maandishi ya chini ya video yanapishana na sauti moduli ya nne, inachosha. Kwizi nyingi zinauliza mwaka na jina la mtafiti badala ya kuuliza maana, yaani unaweza kupata alama zote bila kuelewa chochote na ukaelewa vizuri ukafeli. Zoezi la juri linategemea upate kundi zuri, kundi likiwa na watu waliozima kamera na kukaa kimya utakosa nusu ya kozi, kwahiyo omba upangiwe upya mapema, wanakubali.

Nani achukue? Mwanafunzi wa sheria, ndio, wakili wa jinai ndio kabisa hata kama nchini kwako hakuna juri, kwa sababu hakimu na jaji nao wanatunga hadithi kichwani kama watu wengine. Mwandishi wa habari za mahakamani pia. Anayetafuta mbinu za kushinda kesi asisumbuke, atapenda moduli ya sita tu na ndio mbovu. Kama muda ni mdogo anza ya tatu, fanya zoezi la namba, ingia kwenye juri, halafu rudi ya pili ukiwa umeshaona watu wakitunga hadithi mbele yako, itaeleweka mara mbili. Na ukipangiwa kundi, waambie wenzako mapema msipige kura kwanza.